SOMO LETU: Mtoto Akisoma Shule ya Binafsi Anapata Nini?

Ndugu wafanyakazi, kila muhula unapokaribia, maswali yanayoletwa ofisini kwetu hubadilika. Watu huacha kuuliza habari za nyongeza ya mshahara na kuanza kuuliza habari za mkopo. Sababu ni karo. Wengi wetu hapa Uganda, wakataji wa miwa, wachumaji wa chai na watu wa viwandani, tumewatoa watoto shule za serikali tukawapeleka shule za binafsi. Wako wanaocheka kwamba tunajitia ukubwa. Sisi hatucheki. Mzazi hatupi jasho lake. Iko faida anayoifuata. Basi tuitazame.

Mwaka 1997 serikali ilianza mpango wa elimu ya msingi bila karo, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia. Wanafunzi walikuwa kama milioni 3 mwaka 1996. Mwaka uliofuata wakapita milioni 5. Lilikuwa jambo kubwa, na watoto wengi wa vibarua waliingia darasani kwa sababu yake. Lakini vyumba na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu mmoja akajikuta mbele ya watoto 80 au 100. Hapo shule za binafsi zikapata wateja.

Kwa hiyo faida moja ni mwalimu kumwona mtoto. Penye watoto 35 mwalimu anajua nani hajui kugawanya, na daftari linasahihishwa. Tena mwalimu anafika kazini, maana asipofika mwenye shule humkata mshahara. (Jambo hili tutalirudia, kwani mwalimu huyo naye ni mfanyakazi.)

Faida nyingine ni lugha, na kwa maoni yetu hii ndiyo nzito kuliko zote. Mtihani wa mwisho wa darasa la saba una masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Kila somo hupewa alama kutoka 1, iliyo bora, hadi 9. Mtoto aliyefaulu kabisa hupata jumla ya 4, na aliyeshindwa kabisa 36. Karatasi zote nne huandikwa kwa Kiingereza. Sasa, tangu mwaka 2007 mtaala wa serikali unataka darasa la kwanza hadi la tatu shule za vijijini zifundishe kwa lugha ya mahali, ndipo darasa la nne zianze kuhamia Kiingereza. Ni kweli kwamba mtoto huelewa upesi kwa lugha ya mama yake. Lakini katika kambi zetu, ambamo Mlugbara, Msoga na Mkiga wamepakana ukuta kwa ukuta, lugha ya mahali ni ipi? Shule ya binafsi huanza Kiingereza tangu chekechea. Siku ya mtihani, mtoto anayejua kujumlisha lakini hakulielewa swali hupoteza alama sawa na asiyejua.

Haya, sasa hesabu. Tuseme mshahara ni shilingi 240,000 kwa mwezi. Shule inataka karo 150,000 kwa muhula. Chakula, sare, madaftari, karatasi na fagio ni 60,000 nyingine. Kwa mihula mitatu mtoto mmoja ni 630,000. Watoto wawili ni 1,260,000, yaani mishahara ya miezi mitano na zaidi. Watatu, karibu miezi minane. Mkopeshaji wa mtaani akidai kumi kwa mia kila mwezi, faida ya shule inaingia mfukoni mwake.

Kabla ya kulipa, ulizeni mambo machache. Je, shule imesajiliwa? Ina namba ya kituo cha mtihani, au watoto hupelekwa kuandikia shule nyingine? Na muulize hivi: darasa la sita walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani wa darasa la saba wangapi? Ziko shule zinazorudisha nyuma watoto wazito ili matokeo yang'are ukutani. Huko mtoto hakufundishwa, alichujwa.

Tumrudie mwalimu. Kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 shule zetu zilifungwa karibu miaka miwili kwa ajili ya korona, isipokuwa vipindi vifupi kwa madarasa machache. Mwalimu wa serikali aliendelea kulipwa. Wengi wa shule za binafsi hawakupata hata senti. Wengine walilima, wengine wakauza matunda barabarani. Bidii tunayoisifu hununuliwa kwa hofu ya kufukuzwa, na hilo chama hakiwezi kulifumbia macho.

Kima cha chini cha mshahara katika nchi hii kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa tangu hapo. Kwa hiyo sheria haitatulipia karo. Njia iliyo karibu ni mkataba kati ya chama na mwajiri: posho ya shule, au mwajiri atengeneze vyumba na nyumba za walimu katika shule ya shamba. Tunapendelea hili la pili, maana linamfaa pia kibarua wa msimu, ambaye posho haimfikii. Na ushirika wa akiba na mikopo ukifunguliwa tawini, karo ikatwe kidogo kidogo kila mwezi.

Makatibu wa matawi wanaombwa kukusanya karatasi za karo za muhula huu, za shule za serikali na za binafsi, na kuzileta kabla ya mazungumzo na waajiri kuanza.