Kuficha Si Kulinda: Walichokiona Wakaguzi wa IPsec

Ukiwasha VPN pale hosteli, unaambiwa data yako inapita kwenye handaki. Wengi wetu tunaridhika hapo hapo: imefichwa, basi iko salama. Jamani, hayo ni mambo mawili tofauti. Mfano mzuri ni IPsec, itifaki ya mahandaki ambayo bado inatumika sana.

Handaki ni nini? Chukua barua ikiwa ndani ya bahasha yake, uitie nzima ndani ya bahasha nyingine yenye anwani mpya. Lango la upande wa pili linafungua bahasha ya nje, kisha linaipeleka ile ya ndani inakotakiwa.

IPsec iliyotolewa na IETF Novemba 1998, ikiwa bado kiwango pendekezwa, ilikuwa na hali mbili: ya handaki, na ya usafirishaji, ambayo hulinda mzigo tu bila bahasha ya pili. Tena ilikuwa na itifaki mbili. AH huthibitisha kwamba pakiti haijaguswa njiani. ESP husimba na, ukipenda, huthibitisha pia. Hilo "ukipenda" lishike, tutalirudia.

Mwaka 1999 Niels Ferguson na Bruce Schneier waliikagua. Walikiri kwamba kwa wakati ule hakukuwa na itifaki bora zaidi ya kulinda IP, lakini lawama yao kubwa ilikuwa moja: ina mambo mengi mno. Imetungwa na kamati, na kila upande umeingiza chake. Wahenga walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Wakapendekeza hali ya usafirishaji iondolewe, kwa kuwa handaki linafanya kazi hiyo hiyo kwa kuongeza baiti chache tu. AH nayo iondolewe. Na ESP isiruhusiwe kusimba bila kuthibitisha.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito. Steven Bellovin alishaonya mwaka 1996 kuhusu kusimba bila kuthibitisha, lakini kiwango cha 1998 kiliacha uthibitishaji uwe hiari. Mwaka 2006 Kenneth Paterson na Arnold Yau wakaonyesha kwa vitendo, kwenye Linux, hatari yake. Mshambuliaji hana ufunguo, hawezi kusoma kitu. Ila anageuza biti chache za pakiti iliyosimbwa, anwani ya bahasha ya ndani inabadilika, na lango lenyewe, likishafumbua, linampelekea yeye barua ikiwa wazi! Hakuvunja kufuli, aliyemfungulia ni mlinzi.

Ukaguzi ulisaidia? Kwa kiasi. Toleo la Desemba 2005 liliifanya AH kuwa hiari, na kusimba bila kuthibitisha hakukuwa tena sharti kwa kila programu ya ESP. Lakini hakukupigwa marufuku, na hali zote mbili zilibaki.

Wakaguzi nao hawakupatia kila kitu. Waliilaumu IPsec kwa kusimba kwanza ndipo ithibitishe. Wao walitaka kinyume chake. Mwaka 2001 Hugo Krawczyk alionyesha kihisabati kwamba mpangilio wa IPsec ndio ulio salama kwa ujumla. Kwa hiyo, msomaji, hata ukaguzi wa mabingwa unahitaji kukaguliwa.

Hapo ndipo na sisi tunapoingia. IETF haina kadi ya uanachama: rasimu zake ziko wazi, yeyote anaweza kusoma na kutoa hoja. Muhula huu fungua moja, usiogope urefu wake. Soma ukiwa na maswali mawili. Je, kuna kitu humu kikiondolewa hakuna atakayekikosa? Na je, kuna jambo limeachwa kuwa hiari, ambalo mtu akiliacha handaki zima linabaki jina tu? Ukipata jibu la swali la pili, andika. Bellovin aliandika mapema, na bado ilichukua miaka kumi mpaka tatizo lionyeshwe kwa vitendo.