Dawa ya kuoshea nta ikichoka

Swali: Fundi wa kusubu chuma kwa vielelezo vya nta ajuaje kuwa kiyeyushi cha kuvioshea kimeishiwa nguvu?

Jibu: Rangi ya dawa hudanganya. Adui ni silikoni iliyopakwa kwenye kalibu ili nta isinate; ikibaki juu ya nta, safu ya kwanza ya uji wa kauri unaofunika kielelezo haishiki, hubanduka, na kovu huonekana kwenye chuma kinachosubiwa.

Mizani nyeti husema kweli. Kipande cha nta hupimwa, huchovywa kwa muda na joto lilelile, husuuzwa, hukaushwa, kisha hupimwa tena. Uzito unaopotea ukizidi kupungua wiki hadi wiki, dawa imechoka.

Kila zamu, kielelezo kimoja kichovywe kwenye uji: ukijikunja matone kama maji juu ya jani la gimbi, silikoni ingalipo. Kuongeza dawa mpya juu ya kuukuu, mazoea ya wabanaji matumizi, huupunguza makali uchafu bila kuuondoa.