Kufunga kwa Kipimo na Kufunga kwa Saumu: Maandalizi ya Vipimo vya Maabara kwa Kaya za Kaskazini Mashariki

Maabara ya tiba ni mahali ambapo damu, mkojo, choo au makohozi ya mgonjwa huchunguzwa ili daktari apate ushahidi wa mambo ambayo macho na mikono yake haiwezi kuyathibitisha, na sehemu hiyo ndogo inayotolewa mwilini huitwa sampuli. Wengi huamini kwamba usahihi wa majibu hutegemea mashine na fundi wake tu, ilhali sehemu kubwa ya makosa huingia kabla sampuli haijaifikia mashine: katika alichokula mgonjwa, dawa aliyoimeza njiani, na namna sampuli ilivyochukuliwa na kusafirishwa. Kwa kaya za Garissa, Wajir na Mandera, ambako jua ni kali, safari ni ndefu na Ramadhani hufungwa karibu katika kila nyumba, saa hizo za mwanzo zinastahili kuelezwa kwa kina.

Neno linalochanganya watu kuliko yote ni kufunga. Mhudumu wa maabara anapomwambia mgonjwa aje akiwa amefunga, maana yake ni kwamba muda wa saa 8 au zaidi uwe umepita tangu mgonjwa alipokula au kunywa kitu chochote isipokuwa maji matupu, ambayo huruhusiwa na hata huhimizwa kwa kuwa hufanya mishipa ionekane kwa urahisi. Kipimo cha sukari ya damu hudai sharti hili kwa sababu Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa kisukari kuwa milimoli 7.0 kwa lita kwa mtu aliyefunga, na kikombe kimoja tu cha chai ya maziwa yenye sukari kinaweza kumvusha mpaka huo mtu asiye na ugonjwa. Kipimo cha mafuta ya damu, pale daktari anapotaka kifanywe kwa kufunga, huhitaji saa 9 hadi 12. Mtafunaji wa miraa, ambaye mara nyingi huisindikiza kwa soda au chai tamu hadi usiku wa manane, hahesabiwi kuwa amefunga hata kama hakugusa chakula. Na kwa kuwa miraa huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, ni vyema aseme wazi alitafuna lini, kwani anayemuuliza hakusudii kumhukumu.

Katika Ramadhani mkanganyiko huu hugeuka upande wa pili. Mtu aliyekula daku karibu na saa 11 alfajiri, kisha akafika maabara saa 2 asubuhi, husema kwa haki kabisa kwamba amefunga, na mhudumu huandika hivyo kwenye fomu, ingawa ni saa 3 tu zimepita tangu ale wali, tende na chai. Majibu yake yatasomwa kana kwamba tumbo lilikuwa tupu, na huenda akaanzishiwa dawa asizozihitaji. Aliye katika saumu anashauriwa kwenda maabara kuanzia saa 8 mchana, ataje saa aliyomaliza daku, au aulize kuhusu kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, ambacho hakihitaji kufunga hata kidogo. Kwa wanaohofia kwamba sindano itabatilisha saumu, wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaona kwamba damu kidogo inayotolewa kwa ajili ya uchunguzi haiharibu saumu. Wala kiasi chenyewe si cha kutisha: kichupa kimoja hubeba takriban mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, ilhali mwili wa mtu mzima una lita 5 hivi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, hata hivyo, asifunge kwa ajili ya kipimo bila kwanza kupangiwa na daktari namna ya kutumia dawa yake.

Vipimo vingi havihitaji njaa. Hesabu ya chembe za damu, kundi la damu, malaria na virusi vya ukimwi hupimwa wakati wowote, na vivyo hivyo vipimo vya kawaida vya mama mjamzito, vikiwamo kipimo cha kaswende na cha himoglobini, ambayo ni kiini cha rangi nyekundu kinachobeba oksijeni na ambayo ikishuka chini ya gramu 11 kwa desilita mama huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Mjamzito anayeshinda njaa kwenye foleni ya kliniki kwa kudhani ni lazima anajitesa bure.

Homa ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa katika ukanda huu, kwa sababu si kila homa ni malaria. Mtu anayemeza dawa za malaria au viuavijasumu kutoka dukani kabla ya kupimwa huweza kuvipunguza vimelea au bakteria kiasi cha kutoonekana, huku ugonjwa ukiendelea. Ugonjwa wa brusela, unaopatikana kwa kunywa maziwa mabichi ya ngamia, ng'ombe au mbuzi na kwa kushika ujusi wa mnyama, hupimwa kwa kutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya kijidudu. Askari hao hubaki kwa miezi mingi baada ya kupona, na kipimo cha haraka huweza kuwachanganya na wa ugonjwa mwingine. Jibu moja la haraka, kwa hiyo, halitoshi kumtia mtu katika dawa za wiki 6, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama lipo la kuthibitisha. Homa inayozidi wiki 2 pamoja na uvimbe wa wengu upande wa kushoto wa tumbo hudai kipimo cha kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi wanaojificha katika nyufa za vichuguu. Na pale mvua kubwa zinapofuatwa na mimba za mifugo kuharibika kwa wingi, kama ilivyotokea Garissa mwishoni mwa mwaka 2006 katika mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa, mgonjwa mwenye homa aeleze habari za mifugo yake, kwa maana hapo ndipo daktari hujua kipimo cha kuagiza.

Joto nalo huharibu sampuli. Chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya kichupa, hasa penye joto, hivyo damu iliyocheleweshwa huonyesha sukari ya chini kuliko ilivyo. Mkojo ufikishwe ndani ya saa 1 au 2, ukiwa wa katikati, yaani wa mwanzo umwagwe kwanza; makohozi ya kifua kikuu yatoke kifuani asubuhi baada ya kusukutua kwa maji, kwani mate hayafai. Mwanamke anayeona haya kumkabidhi mwanamume chombo chake anaweza kuomba mhudumu wa kike.

Sampuli nyingine hupelekwa Nairobi, umbali wa kilomita 370 hivi kutoka mji wa Garissa, na majibu yake huchukua siku au wiki. Kaya inayotarajia kuhama na mifugo kufuata malisho inaombwa kuacha maabara namba ya simu ya ndugu anayeishi mahali penye mtandao.