Sauti ya Mgeni Ndani ya Simu

Andiko la juma: Yohana 10:1–5



Hapa Baba Dogo tunajua kufunga milango. Geti la ploti lina saa yake, na kila nyumba ina kufuli yake. Mtoto akichelewa kutoka shule, hata jirani anauliza. Lakini akishaingia ndani na kushika simu, tunapumua na kusema yuko salama. Yesu anatuambia kwamba mwizi hapiti mlangoni, anakwea kwa njia nyingine. Siku hizi njia hiyo ni simu, na mara nyingi bando tumenunua sisi wenyewe.

Mwaka 2021, UNICEF, ECPAT na INTERPOL walitoa utafiti uitwao Disrupting Harm kuhusu watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Kati ya asilimia 5 na 13 walikuwa wamedhulumiwa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja: wengine walitishwa, wengine waliahidiwa pesa au zawadi, wengine picha zao zilisambazwa. Katika darasa la vijana 20, hiyo ni kama mtoto mmoja hadi watatu.

1. Mwizi anakuja kama rafiki

Nikisoma biashara tulifundishwa kwamba mteja hapatikani siku ya kwanza. Unajua shida yake, unampa kitu cha bure, anakuamini, ndio sasa unauza. Anayewinda watoto anafanya vivyo hivyo. Anamkuta kijana kwenye Free Fire au TikTok na kumsifu. Anamtumia almasi za gemu, au bando la bob hamsini. Kisha anasema, "Tuhamie WhatsApp." Huko anasikiliza tu: mama yuko shifti ya usiku kiwandani, baba ni mkali, karo haijalipwa. Halafu anaomba siri. Halafu picha. Akishaipata, ile sauti tamu inageuka: tuma ingine, ama tuma pesa, la sivyo darasa lenu lote litaiona.

Nyoka katika Mwanzo 3 alianza kwa kumfanya Hawa ashuku kwamba Mungu anamnyima kitu kizuri. Huyu naye humwambia mtoto kwamba wazazi wake hawamwelewi.

2. Kondoo amezoea sauti gani?

Mstari wa 5 unasema kondoo humkimbia mgeni kwa sababu hawaijui sauti yake. Hawakufundishwa sauti za wageni wote duniani. Wamezoea ya mchungaji wao. Basi tujiulize: mtoto wangu anasikia sauti yangu ikisema nini? Kama ni "osha vyombo", "homwaki iko wapi?" na "nitakuchapa" peke yake, mtu wa kwanza kumuuliza siku yake imekuwaje atapata moyo wake wote. Najua wengi wenu mnatoka alfajiri na kurudi mkiwa mmechoka. Hata dakika 15 wakati wa chai, bila simu yake wala yako, ni malisho.

Tena elewa hili: mtoto aliyetuma picha anaogopa watu wawili, yule anayemtisha, na wewe. Mwizi anategemea hofu hiyo ya pili. Kwa hiyo mwambie leo, kabla jambo halijatokea: "Hata kama umeshakosea, njoo kwangu kwanza. Sitakupiga, sitakufukuza." Na ukisema, timiza.

3. Ya kufanya nyumbani

Angalia umri kwenye akaunti. TikTok inataka mtoto awe na miaka 13. Wa chini ya 16 hawatumiwi jumbe za faragha, na wa chini ya 18 hawaruhusiwi kwenda laivu. Mtoto aliyedanganya mwaka wa kuzaliwa amejivua ulinzi huo. Keti naye mrekebishe pamoja.

Usiku simu zote zichajiwe mahali pamoja, hata kama nyumba ni chumba kimoja. Simu isiingie chini ya blanketi.

Mfundishe ishara tatu: mtu akiomba siri, picha, au kukutana, amwambie mzazi siku hiyo hiyo.

Yakitokea, usilipe. Anayelipwa hurudi. Usifute jumbe; hifadhi namba na jina la akaunti. Picha ya mtoto usimtumie mtu yeyote, hata kwenye grupu la maombi. Piga 116, laini ya watoto, ni bure usiku na mchana, au DCI 0800 722 203, au nenda dawati la jinsia kituoni. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema ni kosa kumshawishi mtoto mtandaoni ili kukutana naye kwa ngono. Huna haja ya kusubiri mpaka wakutane.

4. Na sisi kanisani

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba mara nyingi mhusika ni mtu ambaye mtoto tayari anamjua. Kwa hiyo mgeni wa Yohana 10 anaweza kuwa na sura tunayoisalimia kila Jumapili. Mwalimu wa Sunday school, kiongozi wa vijana, mwanakwaya, hata mimi mchungaji msaidizi: hakuna mwenye ruhusa ya kuwa na mazungumzo ya siri na mtoto wako. Ukitaka kusoma jumbe zetu kwa mtoto, soma. Na kesi ya namna hii ikitokea, asije mzee akasema "tumalize hii maneno hapa ndani." Kusamehe ni amri ya Bwana, lakini hakufuti ripoti ya polisi.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Mtoto wako akipata shida leo usiku, atamwambia nani kwanza? Kwa nini?
2. Ni nani katika ploti yenu anayeweza kuketi na watoto ambao wazazi wao wako kazini usiku?
3. Tufanye nini ili mtoto aliyeumizwa asionewe haya kanisani?

Tuombe: Bwana, Mchungaji Mwema, tupe masikio ya kusikiliza watoto wetu na ujasiri wa kuwatetea. Kwa jina la Yesu, amina.