SOMO LA UFUNDI: Lango la redio la vipimio vya mbali, Chilinde na Dzaleka



Somo la leo ni kwa wenzetu wasomao Kiswahili walioko Lilongwe na Dzaleka, hasa wale wa viwandani, wa maghala ya tumbaku na wa mashamba makubwa. Linahusu mtambo mdogo unaopokea habari kutoka kwa vipimio vilivyotawanyika mbali: kipimio cha maji ndani ya tangi, cha joto ndani ya bani la tumbaku, cha unyevu ghalani. Mtambo huo tutauita lango, kwa sababu habari za vipimio vyote hupitia hapo kabla ya kufika kwa msomaji.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: tukiweka lango juu ya paa pale Chilinde, je, litasikia kipimio kilichoko Dzaleka, kama kilomita 40 kaskazini? Tutalijibu kwa hesabu, maana wauzaji wa vifaa hivi wana maneno mengi. Baada ya hapo tutauliza swali jingine, ambalo kwa chama ni zito zaidi: ni nani atakayeshika ufunguo?

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Redio ya namna hii inaitwa LoRa. Ilibuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, ambayo mwaka 2012 ilinunuliwa na Semtech ya Marekani. Siri yake ni upole. Kipimio hakisemi kwa nguvu, wala hakisemi mara kwa mara. Kinaamka, kinatuma namba chache, kisha kinalala. Nguvu yake ya kutuma ni kama milliwati 25 tu, ndiyo maana betri ndogo huweza kukaa miaka. Lakini kinasema polepole sana, na lango lenye masikio mazuri huweza kulitambua neno hilo hata likiwa limezama ndani ya makelele. Picha haipiti hapo, wala sauti ya mtu. Kinachopita ni namba: nyuzi za joto, sentimita za maji, kiasi cha betri kilichobaki.

Kipimio kinaweza kusema kwa mwendo wa namna sita, kuanzia SF7 ulio wa haraka hadi SF12 ulio wa polepole kabisa. Kadiri mwendo unavyopungua ndivyo neno linavyofika mbali, na ndivyo linavyochukua muda mrefu hewani. Ujumbe mfupi wa namba kumi kwa SF7 huchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ujumbe ule ule kwa SF12 huchukua karibu sekunde moja na nusu. Tunaomba hesabu hii ikumbukwe, tutaihitaji.

Sasa turudi kwenye kilomita 40. Ni kweli kwamba mwaka 2017 huko Ulaya kipimio kilichobebwa na puto kilisikika umbali wa zaidi ya kilomita 700. Muuzaji atakutajia habari hiyo, lakini hatakukumbusha kwamba puto lilikuwa juu angani na hapakuwa na kitu cha kulikinga. Sisi tuko chini. Dunia ni mviringo, na redio hii yataka kuona njia. Antena iliyo mita 10 juu ya ardhi tambarare huona hadi kama kilomita 13. Antena mbili za mita 10 zikielekeana zitaonana kwa kama kilomita 26, basi. Ili zionane kwa kilomita 40 kila moja yataka nguzo ya mita 24 hivi, na hapo ni bila mlima, bila miti, bila jengo. Tena haitoshi kuonana kwa uzi mwembamba. Mawimbi yanahitaji nafasi pande zote za mstari ule, na katikati ya kilomita 40 nafasi hiyo hufikia karibu mita 60 kila upande. Nchi iliyopo kati ya Lilongwe na Dowa si meza.

Kwa hiyo jibu ni hapana, usitegemee. Weka lango moja Chilinde na lango jingine Dzaleka, kila moja lihudumie watu wake. Katika mtaa wa nyumba nyingi zilizosongamana kama Chilinde, lango moja lililowekwa vizuri tungelihesabia kilomita mbili au tatu. Mahali palipo wazi, kama kwenye shamba, kilomita kumi si ajabu.

Katika kununua, jihadhari na lango la bei rahisi linalosikiliza njia moja tu. Hilo ni kama mpokea simu mwenye sikio moja: wakati anamsikiliza huyu, wengine saba wanapiga bure. Lango la kweli husikiliza njia nane kwa pamoja na mwendo wote. Afadhali kikundi kichange miezi miwili zaidi kuliko kununua kitu cha kuwavunja watu moyo.

Jambo la masafa lisipuuzwe. Vifaa vingi vinavyouzwa huku kwetu ni vya masafa ya Ulaya, megahezi 863 hadi 870. Kabla ya kulipa pesa, nendeni MACRA, mamlaka ya mawasiliano ya Malawi, mkaulize masafa na masharti, na mpate jibu kwa maandishi. Msiwaogope. Mwaka 2013 mamlaka hiyo hiyo ilishirikiana na Chuo cha Chancellor cha Zomba, pamoja na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, katika kujaribu kupeleka intaneti kwa masafa ya televisheni yasiyotumika. Mwombaji mwenye karatasi iliyoandikwa vizuri husikilizwa.

Masharti ya Ulaya, ambayo vifaa hivi vimetengenezwa kuyafuata, huruhusu kipimio kutumia sehemu moja tu katika mia ya muda kwenye njia zile za kawaida. Yaani sekunde 36 kwa saa. Mkumbuke ile sekunde moja na nusu: kwa SF12 ni ujumbe 24 kwa saa, hata mmoja zaidi haufai. Kwa tangi la maji ujumbe mmoja kila robo saa watosha kabisa.

Kazi ya mikono

Antena kwanza, umeme baadaye. Sheria hii iandikwe ukutani. Mtambo ukiwashwa bila antena, nguvu inayotoka hurudi ndani na huweza kuunguza sehemu ya kutumia. Tazameni pia kwamba antena ni ya masafa yenu. Wimbi la megahezi 868 lina urefu wa sentimita 34 na nusu, kwa hiyo robo yake ni kama sentimita 8 na nusu. Antena ya megahezi 433 hufanana nayo kwa sura na hufungika kwenye skrubu ile ile, lakini robo ya wimbi lake ni maradufu. Ukiifunga hiyo lango litawaka taa zote na halitasikia kitu cha maana.

Antena isimame wima, juu kuliko bati za jirani, mbali na tangi la chuma. Bati ni adui. Na waya wa antena uwe mfupi! Hapa ndipo mafundi wengi hupoteza kazi yao. Waya mwembamba wa RG-58, ukiwa na urefu wa mita 10, hula kama theluthi mbili ya nguvu kabla haijafika. Waya mnene wa LMR-400 kwa urefu huo huo hula kama robo, ila bei yake ni kali. Dawa ni kupandisha sanduku lenyewe juu ya nguzo, waya wa antena ukawa wa nusu mita, na kuteremsha waya wa kawaida wa mtandao unaobeba umeme na habari pamoja. Sanduku liwe la kuzuia maji, na matundu ya waya yawe upande wa chini.

Nguzo ya chuma juu ya paa huita radi. Kati ya Novemba na Aprili, wakati wa mvua, si mzaha. Nguzo iungwe na waya mnene wa shaba hadi kwenye fimbo iliyopigiliwa ardhini, na kifaa cha kinga ya radi kiwekwe kati ya antena na mtambo. Mtu asipande juu peke yake, wala mawingu yakiwa yamejikusanya. Mwanachama aliyeanguka kutoka kwenye paa hafidiwi na tangi lililojaa.

Umeme wa mji hukatika, na lango lililozimika ni kipande cha bati. Hesabu yake ni nyepesi. Lango la kawaida hula wati 5 hivi. Kwa saa 24 ni wati-saa 120. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 40 ina wati-saa 480, lakini betri ya asidi isishushwe zaidi ya nusu, basi mnazo 240, yaani siku mbili bila jua. Paneli ya sola ya wati 50 ikipata saa tano za jua zuri huleta 250, na nyingine hupotea njiani. Kwa Dzaleka tungeanza na sola moja kwa moja.

Kuunganisha

Mtambo ukishasimama, unganeni nao kwa kompyuta au simu na mbadilishe neno la siri lililotoka kiwandani kabla ya jambo lolote. Chagueni masafa ya Ulaya kama MACRA imekubali. Andikeni daftarini namba ya utambulisho wa lango, yenye tarakimu na herufi 16. Kisha mtambo uambiwe upeleke habari wapi, na hapa pana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kutumia seva ya wengine, kama The Things Network, iliyoanzia Amsterdam mwaka 2015. Ni rahisi, na matumizi madogo hayalipiwi. Yataka intaneti wakati wote, kwa laini ya TNM au Airtel, ingawa data inayotumika ni kidogo. Kwa matumizi hayo ya bure kila kipimio kinapewa sekunde 30 za hewani kwa siku. Pigeni hesabu: kwa SF12 ni ujumbe 20 tu, hata kila saa haufiki. Kwa SF7 mnapata mamia. Ndiyo sababu tulisisitiza antena nzuri: kipimio kinachosikika vizuri husema haraka.

Njia ya pili ni seva yenu wenyewe. Programu ya ChirpStack haiuzwi, na huweza kukaa ndani ya kompyuta ndogo kama Raspberry Pi pembeni ya lango. Intaneti ikikatika kazi inaendelea, na namba zinasomeka kwa simu iliyo karibu. Kazi ya kuisimika ni kubwa zaidi, lakini kwa Dzaleka tunaipendelea. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Mahali penye foleni ya maji, kujua tangi lipi limejaa na pampu ipi imesimama ni habari ambayo mama mwenye ndoo aipate pale pale. Tena Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, wakiwemo waliokuwa na kazi na biashara Lilongwe. Wapo mafundi miongoni mwao. Mitambo hii isingoje mtaalamu kutoka mbali.

Kujaribu ni kwa miguu. Mmoja achukue kipimio atembee, mwingine asome nguvu ya ishara kwenye seva. Namba hizo ni hasi: -80 ni nzuri sana, -120 ni hafifu. Andikeni kila kituo, kisha chora ramani ya mtaa. Mahali pa kufunga kipimio pachaguliwe kwa ramani hiyo.

Nani ashike ufunguo

Kila kipimio kina ufunguo wake wa siri wenye herufi na tarakimu 32. Ujumbe hufungwa kwa ufunguo huo ndani ya kipimio na hufunguliwa kwenye seva. Lango katikati halisomi kitu. Ni tarishi mwenye bahasha iliyofungwa. Kwa hiyo mwenye paa siye mwenye habari. Mwenye habari ni yule anayeshika ufunguo na seva.

Chukueni mfano wa bani. Mkaushaji wa tumbaku ya moshi hukesha akilinda moto, kutoka nyuzi 35 hivi za mwanzo hadi kama 70 za mwisho. Kipimio cha joto kingempunguzia kuingia na kutoka usiku kucha. Kipimio hicho hicho, kikisomwa na msimamizi peke yake, chaweza kutumiwa kusema kwamba mkaushaji hahitajiki, au kwamba alilala saa nane. Na kipimio cha mahali, kilichotengenezwa kufuata ng'ombe au gari, huweza kuvalishwa mtu. Mwaka 2024 Malawi ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data, na usimamizi wake umekabidhiwa MACRA. Mwajiri akileta vipimio kazini, kamati ya tawi iulize kwa barua: vinapima nini, nani anasoma, namba zinawekwa muda gani, na je, mfanyakazi anaweza kuona zile zinazomhusu yeye? Jibu lifungwe kwenye faili pamoja na mapatano mengine.

Kwa lango la kikundi chenu, funguo ziandikwe katika daftari moja na nakala moja, washike watu wawili wa nyumba tofauti. Vipimio vinavyotoka dukani vyote vikiwa na ufunguo mmoja vibadilishwe siku ile ile ya kwanza, kabla ya kupanda juu ya tangi, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayetaka kupanda tena.