Pumu ya mtoto: je, pampu humzoesha?

SWALI: Mwanangu wa miaka 6 ana pumu. Daktari amempa pampu, lakini bibi yake anasema akishaianza hataiacha maisha. Ni kweli?

JIBU: Pumu ni uvimbe wa muda mrefu katika njia za hewa. Uvimbe huo huwepo hata siku ambayo mtoto anacheza bila kukohoa. Mafua, vumbi au moshi vikiuchokoza, misuli ya njia hizo hubana, ute huongezeka na kifua huanza kulia. Ndiyo sababu dawa huwa mbili. Salbutamol, ambayo pampu yake kwa kawaida ni ya bluu, hufungua njia mtoto anapobanwa. Steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni, hutuliza uvimbe na hutumiwa kila siku kama daktari alivyoagiza. Familia nyingi huiacha hii ya pili mara kifua kinapotulia, na mtoto hurudi hospitali.

Pampu haimzoeshi mtoto; kinachodumu ni ugonjwa. Ajabu ni kwamba nyumba zinazoihofia pampu huamini vidonge, ilhali kidonge kimoja cha salbutamol cha miligramu 2 kina dawa sawa na mibonyezo 20 ya pampu ya mikrogramu 100. Ndiyo maana baada ya kidonge mikono hutetemeka na moyo kwenda mbio.

Mtoto wa umri huo huhitaji chemba ya kuvutia dawa. Ikikosekana, chupa ya plastiki ya nusu lita inafaa, kama walivyoonyesha Heather Zar na wenzake wa Cape Town mwaka 1999. Kitako hutobolewa kwa kipimo cha mdomo wa pampu, na kingo huzibwa kwa gundi. Pampu hutikiswa, hubonyezwa mara moja, kisha mtoto huvuta pumzi tano au sita kupitia shingo ya chupa.

Vichochezi hutofautiana. Kwenye chumba cha kupanga ni jiko la mkaa mlangoni. Kwingine ni zulia na paka. Pwani ni udi na ubani. Dawa ya mbu ya kuchoma imeenea kote. Mila si lazima iachwe: nguo zinaweza kufukizwa uani, mtoto akiwa mbali.

Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, au ulimi na fizi vikigeuka rangi, apewe salbutamol na akimbizwe hospitali. Bibi, dada wa kazi na mwalimu wote wajue pampu ya bluu inawekwa wapi.