Mistari Huokoa Fedha

Chukua hindi moja. Hesabu mistari ya punje. Huenda utapata 12, 14 au 16. Kwa kawaida hutapata 13 wala 15, kwa sababu mistari hiyo huota miwili miwili.

Tuseme mistari ni 14. Kila mstari una punje 30. Zidisha: 14 × 30 = 420. Hukuhesabu punje zote, lakini umejua idadi yake.

Shamba nalo ni hivyo hivyo. Pima mita 30 kwa mita 30. Tumia kamba. Mstari hadi mstari, acha sentimita 75. Shimo hadi shimo, acha sentimita 30. Utapata mistari 40 yenye mashimo 100 kila mmoja. Zidisha: 40 × 100 = 4,000.

Kila shimo tia mbolea ya kupandia kifuniko kimoja cha soda, yaani gramu 5 hivi. Mashimo 4,000 yanataka kilo 20. Basi mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha mashamba mawili kama hilo, na kilo 10 zinabaki. Ya nini kukopa fedha za mifuko miwili?

Aliyepanda ovyo hununua kwa kukisia. Wewe piga hesabu nyumbani, ndipo uende dukani Mazwi.

Maswali
1. Mistari 20 ina mashimo 50 kila mmoja. Mashimo yote ni mangapi? Yanataka mbolea kilo ngapi?
2. Paneli ya umeme wa jua ina safu 9 za vipande 4. Vipande vyote ni vingapi?
3. Shamba lako lina mistari mingapi?